Biashara ya video milimani: Uza kazi, usiuze kanda

Na Mwandishi Wetu

MTAJI wa kufungua ofisi ndogo ya kutengeneza video umeshuka sana ukilinganisha na ilivyokuwa miaka ya 1990. Kijana wa Magamba, kilomita chache juu ya mji wa Lushoto, akiwa na kamera moja, stendi, kipaza sauti na kompyuta ya uhariri, anaweza kutundika kibao mlangoni na kuanza kupokea wateja wa harusi, kipaimara, maulidi na mahafali.

Hata hivyo, wepesi wa kuingia sokoni haukuleta wepesi wa kubaki humo. Ofisi za aina hii hufunguliwa kwa mbwembwe na kufungwa kimya kimya, mara nyingi kamera ikiwa bado nzima na picha zikiwa nzuri tu. Kinachozifunga ni hesabu. Mwenye ofisi alidhani anauza picha, kumbe picha ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote kuigawa bure. Anachoweza kuuza na kikalipwa ni kazi yake: siku yake, vifaa vyake na ujuzi wake.

Wiki hii ukurasa huu unaitazama biashara hiyo kwa macho ya mtu aliyeko Magamba, na mafunzo ambayo soko la video nchini limeyalipia ada kubwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nakala haina bei

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Katika pengo hilo ndipo kanda za VHS na mabanda ya video, ambayo baadaye watu waliyabatiza jina la vibanda umiza, yalipopata riziki. Mwenye banda alinunua au kuazima kanda, akatoza kiingilio, na watu wakajaa.

Katika soko hilo hilo alipata umaarufu marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Alichukua filamu za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili, kwa utani na mifano ya hapa nyumbani. Filamu ileile ungeweza kuipata kwingine bila sauti yake, lakini wateja waliitaka sauti. Thamani ilikuwa katika kazi iliyoongezwa juu ya kanda.

Mwaka 1995 ilitoka Shamba Kubwa ya Kassim El-Siagi, inayotajwa miongoni mwa filamu za mwanzo za video nchini. Mwaka 2003 Girlfriend, iliyoongozwa na marehemu George Otieno "Tyson", ilionyesha kwamba Watanzania wako tayari kutoa fedha kutazama maisha yao wenyewe. Wimbi lililofuata ndilo lililokuja kuitwa Bongo Movie. Filamu zilitengenezwa kwa siku chache, zikatolewa kwenye VCD na DVD, na kusambazwa na makampuni ya Dar es Salaam, Steps Entertainment ikiwa ndiyo iliyotawala kwa muda mrefu.

Kwa kawaida mtayarishaji aliuza filamu pamoja na haki zake kwa mkupuo. Alipata fedha mara moja, naye msambazaji akabeba faida ya mauzo pamoja na hasara ya wizi. Wizi haukukawia. Katika kila mji palikuwa na steshenari iliyoweza kunakili diski, kisha kujaza filamu kumi kwenye flashi kwa bei isiyofika hata ya filamu moja halali. Serikali ilileta stempu za kodi kwa bidhaa za filamu na muziki mwaka 2013. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za kigeni zilizokuwa zikiuzwa holela. Wakati huo mnunuzi alikuwa ameanza kuhamia kwenye simu yake.

Somo hapa ni la kiuchumi kabisa. Bei ya nakala hushuka mpaka ikutane na gharama ya kunakili. Kanda ya VHS ilihitaji mashine mbili na saa nzima kuinakili, kwa hiyo bei yake ilisimama kidogo. Faili la simu halihitaji kitu, kwa hiyo bei yake ni sifuri.

Mwenye ofisi ndogo ya Magamba anaguswa na jambo hili moja kwa moja. Zamani mpiga video wa harusi aliweza kutegemea kwamba baada ya kumkabidhi bwana harusi kanda yake, shangazi, mjomba na mshenga nao wangeagiza nakala zao. Leo nakala moja ikishaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi ameipata kabla hujaosha uso. Anayepanga bei ya chini akitumaini kufidia kwa nakala amejipangia hasara. Malipo yote ya kazi lazima yawemo katika makubaliano ya kwanza.

Hesabu ya harusi moja

Tutumie mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu, na kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme vifaa vyote vimegharimu shilingi 6,000,000 na vitadumu miaka mitatu kabla ya kuchakaa au kupitwa na wakati. Hiyo ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Ofisi ikipata kazi 20 kwa mwaka, kila kazi inapaswa kurudisha shilingi 100,000 kwa ajili ya vifaa pekee. Fedha hiyo haionekani ikitoka mfukoni siku ya harusi, ndiyo maana wengi huila. Mwaka wa tatu kamera inapogoma, hakuna akiba ya kununua nyingine.

Sasa ongeza wapiga picha wawili kwa shilingi 60,000 kila mmoja, yaani 120,000. Usafiri 50,000. Mhariri siku nne kwa 30,000, yaani 120,000. Diski za kuhifadhia na umeme 30,000. Jumla pamoja na vifaa ni shilingi 420,000.

Kazi ikitozwa shilingi 600,000, zinabaki 180,000. Kwa kazi 20 hiyo ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Kutoka humo ilipwe pango, kodi, simu, na mwenye ofisi ale.

Mteja akiomba apunguziwe hadi 400,000 kwa sababu "wewe ni mtoto wetu", ofisi imempa shilingi 20,000 za kwake juu ya kumfanyia kazi bure. Wenye ofisi wengi hawalijui hilo kwa sababu mkononi wameshika noti 400,000 na zinaonekana nyingi.

Undugu hauwezi kukataliwa katika jumuiya ndogo, wala haifai kuukataa. Unachoweza kufanya ni kuuandika. Ankara ionyeshe bei kamili ya 600,000, kisha mstari wa chini uonyeshe mchango wa ofisi kwa maharusi. Namna hiyo jirani anajua amepewa zawadi, na mwingine aliyesikia bei haji kudai kwamba hiyo ndiyo bei ya kila mtu. Mwenye ofisi naye ajiwekee kikomo cha zawadi kwa mwaka, kama anavyojiwekea kikomo cha michango mingine.

Faida imo katika salio

Hatari kubwa zaidi ni salio. Desturi ya kulipa nusu kabla na nusu baada inafaa kwa fundi wa kabati, kwa sababu kabati linabaki karakana mpaka lilipwe. Video ya harusi ni tofauti. Kamati ya maandalizi huvunjwa sherehe inapokwisha, mweka hazina anarudi shambani, na ahadi za michango zilizobaki hakuna tena wa kuzikusanya. Maharusi wanaanza maisha na madeni ya ukumbi na chakula. Mpiga video anakuwa wa mwisho katika foleni.

Turudi kwenye mfano wetu. Wateja watatu tu kati ya 20 wasipomaliza nusu yao ya shilingi 300,000, zimepotea 900,000. Hiyo ni robo nzima ya zile 3,600,000 za mwaka, na gharama zote za kazi hizo zilishalipwa.

Utaratibu unaofaa zaidi ni wa awamu tatu. Sehemu ya kwanza ilipwe siku ya kuweka tarehe, na isirudishwe, kwa kuwa tarehe hiyo ikishashikwa mteja mwingine amekataliwa. Sehemu kubwa ya pili ilipwe kabla ya siku yenyewe, wakati kamati bado ina nguvu na daftari la michango liko wazi. Sehemu ndogo ya mwisho ilipwe wakati wa kukabidhi kazi. Mteja aonyeshwe kwanza kipande kifupi, au video yote ikiwa na maandishi ya ofisi katikati ya picha. Salio likishakamilika, anapewa faili safi.

Mpango huo unalinda pande zote. Mteja naye ana haki ya kuogopa kulipa yote mapema, kwani wapo wapiga video waliochukua fedha na kukaa na kazi mwaka mzima. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha kumaliza hofu hiyo: tarehe, mahali, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya kamera, urefu wa video, siku ya kukabidhi, mara ngapi mteja anaweza kuomba marekebisho, na itakuwaje sherehe ikiahirishwa. Kifungu cha marekebisho kisisahaulike. Bila hicho uhariri wa siku nne hugeuka wa siku kumi, na zile sita za ziada hazina mlipaji.

Kalenda ya milimani

Soko la Usambara lina msimu wake, na anayeajiri watu kwa mshahara wa mwezi bila kulitazama hilo anajitafutia matatizo. Kipato cha kaya nyingi hapa kinafuata mboga na matunda: kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, pichisi na mengineyo yanayoteremka kwa malori hadi Mombo na kuendelea Dar es Salaam. Bei ikianguka Kariakoo, harusi ya Magamba inasogezwa mbele.

Juu ya hilo kuna kalenda ya dini na ya mvua. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Jumatano ya Majivu mwaka huo iliangukia Machi 5. Kwa hiyo Waislamu na Wakristo walifunga wakati mmoja, wote wakiwa mlangoni mwa masika. Kwa ofisi inayotegemea sherehe, miezi ya namna hiyo ni mikavu hata kama mvua inanyesha.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, gharama za miezi hiyo zitengwe kutoka katika kazi za Juni hadi Desemba. Katika mfano wetu wa shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi mitatu bila kazi maana yake ni kuwa na akiba ya 900,000 ifikapo Februari. Pili, mwenye ofisi atafute mteja ambaye hafuati kalenda ya harusi.

Wateja nje ya ukumbi

Wateja hao wapo. Magamba ina Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye msitu wa asili, mbega na njia za watalii. Ipo pia safu ya hoteli na nyumba za wageni kuanzia Soni hadi juu milimani. Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa, kilichoanza Magamba mwaka 2007, kilileta eneo hilo mahafali, wageni na wanafunzi. Taasisi za namna hii hulipa kwa hati na haziombi punguzo la ujomba, lakini huja na kuondoka. Mwenye ofisi asimtegemee mteja mkubwa mmoja kwa zaidi ya nusu ya mapato yake.

Kilimo nacho kina fedha za video. Lushoto ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mpango wa utafiti wa CCAFS, ulioshughulikia mabadiliko ya tabianchi, kilimo na usalama wa chakula. Mwaka 2012 wakulima wa kijiji cha Yamba walisafiri kwenda sehemu nyingine za Tanzania ambazo hali yake ya hewa ilifanana na ile inayotarajiwa kwao siku zijazo, na safari hiyo ikarekodiwa kwa video. Nchini Kenya, kampuni ya Mediae ilianzisha kipindi cha Shamba Shape Up mwaka 2012, ambamo wataalamu hufika shambani na kulirekebisha mbele ya kamera. Mtazamaji halipii kitu. Wanaolipa ni mashirika na makampuni yenye ujumbe wa kuwafikishia wakulima.

Hapo biashara imegeuzwa kichwa chini. Katika Bongo Movie mtayarishaji aliumia kila nakala ilipoibwa. Katika video ya mafunzo ya kilimo, mlipaji anafurahi ikinakiliwa mara elfu, maana kazi ilishalipwa kabla ya kutoka. Ofisi ndogo ya Magamba haiwezi kushindana na kampuni kubwa kwa vifaa, lakini ina kitu ambacho mgeni kutoka Dar es Salaam hana: inajua Kisambaa, inamjua mkulima, na inajua ni saa ngapi ukungu utaondoka kwenye bonde lipi. Ujuzi huo una bei, na uandikwe kwenye ankara.

Ukungu, umeme na sauti

Mazingira ya milimani nayo yana gharama zake. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya nje ikiingizwa ghafla katika ukumbi wenye joto la watu, lenzi huvaa mvuke. Dawa yake ni kuiacha ndani ya mfuko wake uliofungwa kama nusu saa mpaka ipate joto la ukumbi. Anayefika pamoja na maharusi amechelewa. Unyevu wa muda mrefu huotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo vifaa vihifadhiwe katika sanduku linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, hivyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti.

Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni yetu ilijengwa juu ya picha 25 kwa sekunde. Kamera zilizowekwa kwa mtindo wa Marekani wa picha 30 zinaweza kuonyesha taa za ukumbi zikichezacheza. Weka picha 25 na kasi ya shata ya 1/50, tatizo litakwisha bila kutumia hata senti.

Video ya ubora wa kati inayorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne ni gigabaiti 180. Zihifadhiwe mahali pawili tofauti usiku uleule kabla ya kadi kufutwa. Harusi hairudiwi, na gharama ya diski ya pili ni ndogo kuliko aibu ya kupoteza kazi ya mtu. Kupeleka faili la gigabaiti 10 kwa intaneti yenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne. Kwa hiyo mteja wa Tanga au Dar es Salaam aambiwe mapema kama atatumiwa kwa mtandao au flashi itapanda basi.

Sauti isipuuzwe. Lufufu alijenga jina kwa sauti juu ya picha za watu wengine. Nasaha za wazazi zisizosikika ndizo malalamiko yasiyo na dawa baada ya sherehe. Kinasa sauti kidogo kilichounganishwa na mitambo ya ukumbi ni bei nafuu kuliko lenzi mpya, na mteja atakishukuru zaidi.

Karatasi zinazolinda kazi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda video na muziki pia. Wimbo wa msanii hauwi wako kwa kuuweka chini ya picha zako, na video ya tangazo la hoteli yenye wimbo usio na kibali inaweza kuondolewa mtandaoni siku ambayo hoteli inaihitaji zaidi. Mkataba useme wazi nani anamiliki video, na kama ofisi inaruhusiwa kuitumia kujitangaza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, idhini ya wanaoonekana, hasa watoto, si jambo la kupuuza.

Filamu ziko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na anayetaka kutengeneza moja aanzie Bodi ya Filamu. Kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi kunahitaji ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ndege isiyo na rubani ina vibali vyake. Anayefungua kituo cha video mtandaoni aulize TCRA kuhusu leseni, kwani Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kanuni mpya za mwaka 2020. Gharama na siku za kusubiri vibali hivi ziingie katika bei.

Taasisi zinazolipa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa ankara ya shilingi 2,000,000 utapokea 1,900,000. Dai hati ya makato hayo na uitunze, kwa maana ni kodi uliyokwisha kulipa. Asiye na hati ataihesabu kuwa hasara.

Mwelekeo wa soko

Simu zinazidi kupiga picha nzuri, na sehemu ya wateja wa chini itaondoka. Ndugu wa bibi harusi atarekodi mwenyewe, na hakuna punguzo litakalomshinda mtu anayefanya bure. Anayeshindana kwa bei katika ngazi hiyo anakimbizana na kivuli.

Nafasi iliyobaki ni ya anayeaminika kufika kwa wakati, kunasa sauti, kutunza kazi na kuikabidhi siku aliyoahidi. Hivyo simu haitoi. Kwa mwenye ofisi Magamba, kazi ya wiki hii iwe kufungua daftari na kuorodhesha kazi zote za miezi 12 iliyopita, bei ya kila moja, gharama zake na salio lisilolipwa. Jumla ya safu hiyo ya mwisho itamwambia kama anahitaji kamera mpya au mkataba mpya. Mkataba ni rahisi zaidi kuupata.